Ombi Lililoshtakiwa

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba jina la nchi hiyo nalo lina heshima yake, na sheria inasema mtu asiye na cheo akilitaja jina lenye heshima bila kusimama, amelikashifu. Mimi naandika nikiwa nimekaa.

Nchi hiyo imebarikiwa mambo mengi mazuri, lakini linaloipa sifa kuliko yote ni Sheria ya Ulinzi wa Majina Makubwa. Tulisomewa sheria hiyo katika darasa letu la jioni, sisi watu wazima wa Bonde la Kirurumo, na mwalimu alitueleza kwa upole kama mtu anayewalisha wagonjwa uji.

"Nasikia kuna nchi za mbali," alisema, "ambako mtu akipanda jukwaani mwenyewe, akaomba kura mwenyewe, anatakiwa avumilie maneno kuliko sisi tulio chini. Huko wanasema, aliyeomba kutazamwa asilalamike akionwa. Sisi tuliona huo ni ukatili. Jina la mtu mdogo ni kama kitambaa cha jikoni: ukilimwagia masizi, nani atajua? Lakini jina la mkubwa ni shuka jeupe lililoanikwa kando ya barabara. Hata nzi akitua, nchi nzima inaona."

Mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama maneno yenyewe ni ya kweli?"

"Hayo ndiyo mabaya zaidi," alisema mwalimu. "Uongo, mkubwa anaukanusha asubuhi, mchana anakula vizuri. Ukweli ataukanushaje? Ndiyo maana adhabu yake ni nzito."

Tukaandika. Tulikuwa tunajifunza herufi kubwa wakati ule, na maneno Majina Makubwa yalitufaa sana kwa mazoezi.

Sheria hiyo ilikuwa ya haki kabisa, maana ilitumika kwa kila mtu kwa kadiri ya ukubwa wake. Mwaka huohuo waziri wetu alisema redioni kwamba watu wa Kirurumo ni wavivu, walevi, na kwamba wanaloga mvua. Mzee Elinami, ambaye ni mzee wa kanisa na mpiga ngoma ya kwaya, alitumwa na kijiji kwenda mahakamani kulalamika. Karani alimtazama kwa huruma.

"Jina lako nani, mzee wangu?"

"Elinami."

"Elinami nani?"

"Elinami wa huku bondeni."

"Sasa, mzee wangu, hapo pameharibiwa nini? Debe tupu halimwagiki."

Elinami alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba ofisi ilikuwa imefungwa.

*

Waziri huyo alikuwa Mheshimiwa Pantaleo Mabamba, Waziri wa Uzinduzi. Zamani wizara yake iliitwa Wizara ya Ujenzi, lakini wataalamu waligundua kwamba ujenzi unachukua miaka na uzinduzi haumalizi hata saa moja, na kwamba wananchi hupiga makofi kwenye uzinduzi tu. Basi serikali ikaachana na kile kinachochelewesha.

Alikuja kuzindua daraja letu siku ya jua kali. Nguzo mbili za mti zilichomekwa ukingoni mwa mto, utepe mwekundu ukafungwa, bendi ikapiga, na Mheshimiwa akashika mkasi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Wako watu wenye fikra finyu wanaodhani daraja ni zege na nondo. Zege hupasuka! Nondo huota kutu! Lakini daraja hili ninalolizindua leo halitapasuka wala kuota kutu, milele!"

Na kwa kumtendea haki, mpaka leo halijapasuka.

Alikata utepe, akaupungia mkono upande wa pili wa mto, akapanda gari akarudi upande alikotoka. Juma lililofuata daraja lilichorwa kwenye ramani ya taifa, kwa wino mweusi, zuri sana, lenye matao.

Sisi tukaendelea kuvuka kama tulivyozoea. Zahanati iko ng'ambo. Mgonjwa akizidiwa tunachukua kiti cha kanisani, kile kikubwa chenye mikono anachokalia mchungaji, tunamketisha mgonjwa, na wanaume wanne wanakibeba mabegani, maji yakiwafika kifuani. Raheli, binti wa Mzee Elinami na Mama Nakijwa, alijifungua mtoto wake wa kwanza juu ya kiti hicho, katikati ya mto. Ofisa wa vizazi alipouliza mtoto amezaliwa wapi, wakamwambia, katikati ya mto. Akafungua ramani, akapima kwa kidole, akaandika kwenye cheti: Mahali pa kuzaliwa, Darajani.

*

Sasa nieleze desturi yetu ya maombi, maana balaa lote lilitokea hapo.

Kwetu Kirurumo ugonjwa usiotajwa hauombewi. Mtu akipita mbele kanisani na kusema tu, "Niombeeni, sijisikii vizuri," Mama Nakijwa, kiongozi wa maombi, humwuliza palepale, "Wapi? Tumbo? Mguu? Moyo? Sema, mwanangu. Usimfiche tabibu." Kisha humwekea mkono kichwani, anautaja ugonjwa kwa jina lake, na kanisa zima tunasema Amina. Tumeshikana mikono, tumefumba macho, na Amina yetu tunaisema kwa pumzi yote, maana tunaamini ombi lisilo na Amina ni kama barua isiyotiwa stempu.

Uchaguzi ulipokaribia, Mheshimiwa Mabamba alikuja kusali kwetu pamoja na wapiga picha wake. Alikaa mbele, kwenye kile kiti kikubwa. Mchungaji Obadia, aliyekuwa akitetemeka kwa furaha, akasema, "Mama Nakijwa, njoo umwombee mgeni wetu."

Mchungaji alimaanisha kile ambacho wachungaji wote wa nchi ile humaanisha: taja vyeo vyake, mwombee maisha marefu, kaa chini. Mama Nakijwa alielewa kwamba mgeni ni mgonjwa. Alijiuliza, mtu mkubwa namna ile, mwenye kanisa kubwa mjini, angefuata nini huku kama si shida?

Akamwendea, akamwekea mkono kichwani. Walinzi wakasogea, lakini Mheshimiwa akawazuia kwa jicho, maana kamera zilikuwa zimewaka.

"Mwanangu," Mama Nakijwa akamwuliza kwa sauti ya chini, "unasumbuliwa na nini?"

"Niombee tu kwa ujumla, mama," alisema Mheshimiwa akitabasamu.

Mama Nakijwa akamhurumia. Alishawaona wengi wanaoona haya. Basi akafumba macho.

"Baba yetu, huyu mtoto wako Pantaleo ni mgonjwa na anaona haya kukuambia. Mimi nitamsemea. Anazindua vitu ambavyo havipo. Alizindua daraja letu, Baba, na daraja halipo, ni maji tu. Pengine haoni vizuri, mfungue macho. Na ule ugonjwa wa kututukana redioni, mponye nao, maana mtu mwenye amani hatukani. Mpe usingizi mzuri. Usimwaibishe, Baba. Ni mtoto wa mtu."

"Amina!" tukasema.

Mabati yalitetemeka. Na Mheshimiwa mwenyewe, ambaye alikuwa amefumba macho kwa ajili ya picha na akili yake ilikuwa imekwenda kwenye mkutano wa mchana, naye akasema, "Amina!" kwa sauti nzuri ya jukwaani. Ikasikika nchi nzima, maana ibada ilikuwa inarushwa redioni.

*

Wito wa mahakama uliletwa na pikipiki ya serikali. Mama Nakijwa alikuwa anachambua mchele.

"Umemkashifu Mheshimiwa," alisema tarishi.

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu. Na kwa wengine."

"Kwa Mungu?" Mama Nakijwa akaweka ungo chini. "Kwani alikuwa hajui?"

Mahakama ilijaa. Wakili wa Mheshimiwa alikuwa mtu mwenye koo zuri, aliyesoma sana, na alianza kwa kueleza kwamba kuna kashfa za sokoni, kuna kashfa za magazetini, lakini kashfa iliyopelekwa moja kwa moja mbinguni haijawahi kutokea katika historia ya taifa, na fidia yake haina mfano.

"Bibi," akamgeukia Mama Nakijwa, "unakiri kwamba ulimtaja mteja wangu kwa jina?"

"Nilimtaja."

"Kwa nini hukusema tu 'mtu fulani'?"

"Angeponywa mtu mwingine."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. "Bibi, jibu kwa adabu."

"Ndiyo, baba. Najibu kwa adabu. Angeponywa mtu mwingine, baba."

Akaitwa shahidi wa kitaalamu, Mpima Heshima wa Serikali, mwenye futi kamba shingoni kama fundi cherehani. Yeye alieleza kwamba heshima ya mkubwa hupimwa kwa migongo ya wananchi. Kabla ya ombi, Mheshimiwa alipopita, migongo iliinama mpaka kiunoni. Baada ya ombi migongo inainama mpaka begani tu, na alikutana na mzee mmoja ambaye alitikisa kichwa tu. Mahakama ikaguna kwa masikitiko. Mzee huyo alitafutwa, ikagundulika ana ugonjwa wa shingo, lakini ushahidi ulikuwa umeshaandikwa.

Hapo wakili akasema neno lililotugandisha sote.

"Mheshimiwa hakimu, ombi ni la mtu mmoja, lakini Amina ni za wengi. Kila aliyesema Amina alirudia kashfa ile yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mdomo wake mwenyewe. Naomba mahakama ijue ni akina nani."

Mchungaji Obadia aliitwa kwanza. Alisema siku ile alikuwa ameshughulika na spika, ilikuwa inakoroma, hakusikia chochote tangu wimbo wa kufungulia. Mwalimu wa kwaya alisema, "Nilianza, mheshimiwa, lakini sikumalizia." Mwenye duka alisema alikuwa anapiga mwayo. Mwingine alikuwa anakohoa, mwingine mtoto alikuwa analia, mwingine alikuwa amemaliza ombi lake binafsi, la mambo ya kuku, na kwa bahati mbaya maombi mawili yakaisha pamoja. Tulipita mmoja mmoja, tukiwa tumevaa nguo zetu za Jumapili, na ilionekana wazi kwamba siku ile kanisa zima lilikuwa linaumwa koo.

Mama Nakijwa alikuwa amekaa kwenye benchi la mshtakiwa akitusikiliza. Hakukunja uso. Kila aliyemaliza kusema alimwangalia kidogo, kama mama anayehakikisha mtoto amevaa sweta, kisha akamwangalia anayefuata.

Wa mwisho aliitwa Mzee Elinami.

"Wewe ni mume wa mshtakiwa?"

"Ndiyo."

"Siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mbele. Kwenye ngoma." Akafuta jasho. "Kisha nilisogea. Tukashikana mikono. Ni desturi."

"Ulimshika nani?"

"Nilimshika… huyu. Mama Raheli."

"Na ulisema Amina?"

Mzee Elinami alitazama viatu vyake, vile vyeusi ambavyo mkewe alivipaka rangi asubuhi ile.

"Mheshimiwa hakimu," alisema, "mimi huwa nachelewa. Amina yangu ilikuwa ya ombi lililotangulia."

Watu walicheka, mimi pia nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Mama Nakijwa hakumwangalia. Alivuta upande wa kanga yake akafunika mkono wake wa kulia, ule ulioshikwa, kama mtu anayesikia baridi.

*

Hata hivyo Mama Nakijwa alikuwa na hoja. Aliomba mahakama isikilize mkanda wa redio, ili isikike kwamba Mheshimiwa mwenyewe alisema Amina. Mkanda ukapigwa, ikasikika, nzito na tamu. Wakili akakohoa. Hakimu akaingia chumbani mwake kufikiri, akatoka na uamuzi mdogo.

"Amina ya mtu mdogo," alisoma, "maana yake ni: nakubali. Amina ya mtu mkubwa haina maana hiyo. Mkubwa anaposema Amina, anampa Mungu ruhusa ya kuendelea na shughuli nyingine."

Tukapiga makofi, maana ulikuwa uamuzi uliosomeka vizuri.

"Basi, baba," alisema Mama Nakijwa, "twende mtoni. Daraja likiwepo, nifungeni."

Hakimu hakuweza kukataa, maana sheria inataka mahakama ijionee. Tukaenda wote. Mto ulikuwa umeanza kujaa. Zile nguzo mbili zilikuwa bado zimesimama, na kipande cha utepe kilichofifia kilikuwa kinapepea. Hakimu akatazama maji. Akatazama ramani. Akatazama viatu vyake.

"Mahakama lazima ivuke," alisema wakili, "ili isisemwe kwamba haikuvuka."

Kikaletwa kile kiti. Hakimu akaketi, akakunja joho lake mapajani, na wanaume wanne wakambeba. Mbele kushoto alikuwa Mzee Elinami. Maji yaliwafika kifuani, joho halikulowa hata pindo. Upande wa pili hakimu alishuka, akanyoosha miguu, akaandika: "Mahakama imevuka mto kwa miguu minane, bila tatizo lolote." Kisha wakambeba tena wakamrudisha.

Wakili akatoa na kile cheti cha mjukuu, kilichoandikwa Darajani. "Mheshimiwa hakimu, familia yenyewe ya mshtakiwa ilizalia juu ya daraja hili, na leo inalikana!"

Hukumu ilisomwa palepale ukingoni, huku hakimu akiinua sauti kuushinda mto. Daraja lipo. Mama Nakijwa amemkashifu Mheshimiwa. Basi atalifuta ombi lake mahali palepale, kwa kupiga magoti vilevile, mbele ya wasikilizaji walewale, akiwemo Yule aliyeombwa. Na kanisa litaitikia Amina, ipimwe. Tena kile kiti kimeonekana kuwa chombo cha kashfa, maana kumbeba mtu kwenye maji penye daraja ni kusema bila kinywa kwamba daraja halipo. Kiti kitakaa mahakamani kama kielelezo. Ombi likifutwa vizuri, kiti kitarudishwa, na wananchi watapewa ruhusa ya kukipitisha darajani. Lisipofutwa, kiti kitabaki, na Mama Nakijwa atakwenda gerezani.

"Gereza nitakaa," alisema Mama Nakijwa.

Kisha akamwona Raheli aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, ameshika kiuno. Raheli alikuwa mjamzito tena, mimba imekaribia, na masika yalikuwa yameanza.

*

Siku iliyofuata nilikwenda kwa akina Mama Nakijwa kuazima jembe, nikawakuta wakizungumza uani, nami nikasimama kidogo nje ya ua kwa sababu ya heshima.

"Mama Raheli, sema tu," Mzee Elinami alikuwa anabembeleza. "Ni maneno."

"Kwako ni maneno."

"Mungu si anajua? Atajua umelazimishwa."

"Elinami, mimi sijawahi kumpa Mungu kitu. Sadaka yangu ni ya senti, sauti ya kuimba sina. Nimempa jambo moja tu: nikimwambia kitu, ndivyo kilivyo. Leo nikimwambia daraja lipo, siku nikimlilia huyu mtoto ataniaminije?"

"Mama," Raheli akaita kutoka ndani, "mimi nitavuka kwa miguu yangu."

"Nyamaza, mwanangu. Utavuka na tumbo hilo uende wapi? Lala."

Jogoo akapita katikati yao.

"Ulinishika mkono siku ile," alisema Mama Nakijwa. "Nilikusikia. Sauti yako naijua."

"Mama Raheli…"

"Sikulaumu. Nasema tu nilikusikia."

Mzee Elinami akainuka, akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi kama wamefungwa vizuri. Walikuwa wamefungwa vizuri. Alinikuta mlangoni, akanipa jembe, hakuniuliza nimesimama pale tangu lini, nami sikumwambia.

*

Jumapili ya kufuta ombi kanisa lilifurika. Mheshimiwa Mabamba alikaa mbele, safari hii kwenye sofa lililoletwa na gari lake. Mpima Heshima alisimama kando ya mimbari na kifaa kipya cha kupimia sauti. Wakili alikuwa na karatasi ya kufuatilia ombi, neno kwa neno.

Mama Nakijwa akapita katikati, akapiga magoti pale pale. Aliweka mkono kichwani kwa Mheshimiwa, maana hukumu ilisema vilevile. Tukashikana mikono. Alikaa kimya mpaka wapiga picha wakaanza kutazamana. Kisha akasema, kwa sauti ambayo tuliisikia kwa shida.

"Baba. Yale niliyokuambia juu ya mtoto wako Pantaleo, nimeambiwa niyafute. Nayafuta. Lile daraja lipo, Baba. Wewe unaliona."

Wakili akatazama karatasi yake, akatikisa kichwa kukubali.

Na sisi tukasema Amina.

Sijawahi kusikia Amina kama ile. Waliokuwa wakikohoa siku ile makoo yao yalikuwa yamepona. Mwalimu wa kwaya aliianza na akaimalizia. Mchungaji Obadia aliirudia mara ya pili kwenye spika, ambayo haikukoroma. Vumbi lilishuka kutoka kwenye mbao za paa likatuangukia mabegani, na Mpima Heshima alisema kifaa chake kimefika mwisho. Mheshimiwa akainuka kutupungia mkono, nasi migongo yetu ikainama mpaka kiunoni, na wengine walivuka kipimo.

Mama Nakijwa aliendelea kupiga magoti baada ya watu wote kuketi. Ilibidi Raheli aje amshike bega. Meza ya Bwana ilipoandaliwa hakusogea. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ameziba mdomo kwa kanga, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

*

Kiti kilirudishwa siku hiyohiyo na gari la mahakama, kimebandikwa namba ya kielelezo mgongoni. Ilikuwa vizuri, kwa sababu mchana uchungu ulimshika Raheli, na kulikuwa na mvua kubwa milimani.

Tukamketisha. Tulikuwa wanne: Mzee Elinami mbele kushoto, mwalimu wa kwaya mbele kulia, mwenye duka na mimi nyuma. Mama Nakijwa alitembea kando ya kiti, ameshika mkono wa binti yake. Tukampitisha kati ya zile nguzo mbili, chini ya kile kipande cha utepe, tukaingia darajani, na maji ya darajani yakatufika kiunoni, kisha kifuani.

Katikati ya mto mkondo ulikuwa na nguvu kuliko siku zote nilizowahi kuvuka. Mwenye duka aliteleza, kiti kikainama, Raheli akapiga kelele. Tukasimama. Ilitubidi tusimame, kila mtu amekita miguu kwenye mchanga unaokimbia, mpaka mwenzetu apate pa kukanyaga. Nilimtazama Mama Nakijwa nikitegemea kwamba angeomba, kama anavyoomba siku zote mahali pale. Midomo yake ilifunguka. Kisha akaifunga, akazidi kuushika mkono wa Raheli.

Hapo nikamsikia Mzee Elinami, maji yakiwa shingoni.

"Amina," alisema.

Hakuisema kwa nguvu. Pale mtoni hapakuwa na wa kuipima.

Mama Nakijwa akageuza uso. "Hiyo ni ya ombi lipi, Elinami?"

"La kwanza lile."

Alimtazama kwa muda. Maji yalikuwa yanapita kati yao, ya rangi ya chai, yamebeba majani na vijiti kutoka milimani.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo."

"Haya. Inua kiti upande wako, mtoto analowa."

Mzee Elinami akainua. Mwenye duka akapata pa kukanyaga, tukaanza kwenda. Mwalimu wa kwaya na mwenye duka walikuwa wamesikia kama mimi nilivyosikia. Vinywa vyetu vilikuwa juu ya maji bado, na nafasi ya kuitikia ilikuwepo. Tukatazama ng'ambo, tukavuka.